Muziki wa Kushusha Presha

Mimi ni mtu wa kushuku, na sioni haya kusema. Nashona madera na nguo za harusi hapa Shika Adabu, Likoni, na kazi hii imenifunza kwamba muuza kitambaa akikuapia hakichuji rangi, unakwenda nacho nyumbani ukakitie majini kwanza. Kwa hivyo mpangaji wetu wa chumba cha nyuma alipopiga hodi alasiri moja, akasema angependa kumsaidia mamangu kwa muziki, tena bure, nilimkaribisha kiti, nikampa maji ya kunywa, na moyoni nikajiuliza anatafuta nini.

Mamangu wakati huo alikuwa amebakiwa na jicho moja. La kushoto lilipotea zamani na daktari alishasema hilo halina dawa. La kulia lilikuwa na mtoto wa jicho, na mtoto huyo alikuwa amekua hata mamangu akawa haoni ila mwangaza wa dirisha na vivuli vya watu wakipita. Alimimina chai kwa kusikiliza kikombe kikijaa, na ikimwagika alisema kikombe kimepasuka. Wageni wakija alingoja wasalimu kwanza, kisha akawataja majina kwa haraka, apate kujifanya amewaona tangu mlangoni. Mimi nilimwacha na ujanja wake, kwa kuwa ndio uliomfanya ajione bado ni mwenye nyumba.

Tulikuwa tumekwenda hospitali ng'ambo ya feri kufanyiwa upasuaji, na tukarudishwa. Alifungwa ule mkanda wa presha mkononi, muuguzi akatazama kioo cha mashine, akatikisa kichwa, akasema hapasuliwi mtu mwenye presha ya namna hiyo. Tukapangiwa siku nyingine na mambo yakawa yale yale. Dawa alikuwa akimeza. Nilimsimamia mwenyewe, ingawa kila kidonge alikipapasa kwanza na kuniuliza mbona leo ni kidogo. Mara ile ya pili daktari aliniita kando akaniambia mamangu ana wasiwasi mwingi, tumtulize, na kwamba jicho lile lisingojewe sana, kwani likikomaa kupita kiasi kazi yake huwa ngumu. Muuguzi naye akaongeza kuwa wengine hutulizwa na muziki wa polepole. Nilivuka kurudi Likoni nikiwa na hofu ambayo sikuitaja. Kama safari ya tatu nayo ingeshindikana, mamangu angebaki gizani maisha yake yaliyosalia, na mimi ndiye ningekuwa nikimwona humo kila siku.

Haya mpangaji wetu aliyajua kwa kuwa ukuta wetu ni mmoja. Ni mwanamke wa bara, wa makamo, wa kanisani sana, na kazi yake ni kukanda wageni mgongo katika hoteli moja kule Nyali. Alikaa ukingoni mwa kiti na simu mkononi.

"Si mimi hukanda watu huko?" akasema. "Sasa tuko na muziki fulani ya kutuliza. Piano, fidla, zile za wazungu wa zamani, haina maneno. Mtu anaingia akiwa amekasirika, baada ya kitambo kidogo unasikia anakoroma. Wacha tujaribu na shosho."

"Shosho ni nani humu?" mamangu akauliza kutoka chumbani. Tulidhani amelala.

"Ni neno la kwao la kumwambia bibi," nikamjibu.

"Mie si bibi ya mtu wa huko," akasema, na mazungumzo yakaishia hapo kwa upande wake.

Nilimtilia shaka mwanamke yule, kwa nini nifiche. Mtu anatoka kazini amechoka, mikono imeshinda kwenye migongo ya watu, halafu anakuja kukaa na kizee asichokuwa na nasaba nacho? Lakini hofu ya jicho ilikuwa kubwa kuliko shaka yangu. Nikamwambia aje kesho baada ya swala ya alasiri, wakati nyumba imepoa.

Alikuja na maagizo. Alisema muziki peke yake haufanyi kazi, lazima na mahali pawe pa kutuliza, kama kule kazini kwake. Mtu alale chini penye nafasi, afunikwe shuka safi jeupe, pawe na harufu nzuri, taa isiwe kali. Kitanda cha mamangu kina bonde katikati, basi nikatandika mkeka sebuleni. Shuka jeupe lilikuwepo. Mafuta ya harufu ya hotelini hatukuwa nayo, lakini nina chetezo na makaa hayakosekani, nikafukiza ubani na kijiti cha udi. Nikashusha pazia. Nikajisifu, nikaona sebule yetu haipungukiwi na kitu.

Mamangu alilala juu ya mkeka kimya. Alivuta pumzi puani mara kadhaa, akauliza ubani huo ni wa nini. Nikamwambia ni wa kutuliza.

Wa kwanza ulikuwa wa piano. Sauti zilianguka moja moja, na baina ya moja na nyingine ungeweza kwenda jikoni ukarudi. Sisi wawili tulikaa pembeni, mpangaji upande wa kichwa na mimi upande wa miguu, tukimtazama uso.

"Huyo apigaye ndiyo kwanza ajifunza?" mamangu akauliza baada ya muda.

Tukabadilisha. Wa pili ulikuwa na fidla nyingi pamoja, na chini yake mtu alikuwa ametia sauti ya mawimbi. "Mwaniletea bahari kwa simu," akasema, "na mie nimezaliwa Likoni." Tukabadilisha tena. Wa tatu ulianza kwa sauti nene ndefu iliyojaza sebule yote, na mamangu akaketi kitako, shuka likamwanguka kifuani.

"Hiki ni kinanda cha kanisani," akasema.

Nilimgeukia mpangaji, na shaka yangu yote ikapata miguu. Kumbe ndiyo sababu ya bure. Nilimtoa hadi uani nikamuuliza waziwazi kama amekuja kumbatiza mamangu kwa mlango wa nyuma. Uso ulimwiva. Akaapa kwamba hakujua, kwamba hotelini wamewekewa tu na msimamizi, na majina yameandikwa kwa lugha asiyoisoma. Nilimwambia aufute. Akaufuta mbele yangu, na mimi nikaangalia kioo mpaka nikahakikisha umetoka.

Mchezo huo tuliuendeleza alasiri nyingi. Kinubi, filimbi, piano tena, fidla moja peke yake inayolia kama mtu aliyefiwa. Kila mmoja ukiisha nilimfunga mkanda wa presha, kwani nilikuwa nimenunua mashine ya nyumbani. Na kila mara presha ilikuwa imepanda. Mwanzo nilishuku mashine. Nikajifunga mimi, nikaona na yangu iko juu, nikaivua haraka na kuirudisha kwenye kiboksi chake. Nikashuku dawa, nikashuku chumvi, nikashuku mhogo wa jirani. Tulinong'onezana juu yake kama tunavyonong'onezana juu ya mtu tunayedhani amesinzia.

"Huu nao haujamshika."

"Tujaribu mwingine."

"Angalia, angalia kidole. Kimecheza kidogo."

Mkono wa mamangu ukaingia chini ya shuka na haukutoka tena. Kuanzia siku hiyo alilala akiwa amejikunja mikono, meno ameyauma, shingo imekakamaa. Nilizoea kumwona mtu mkaidi, lakini ukaidi ule ulinishangaza, maana hata kope hazikutulia. Ilikuwa wazi anapigana na jambo, na sikujua ni jambo gani.

Nikasema labda kosa ni la muziki wenyewe. Za wazungu wa zamani ni zao. Sisi nasi tuna zetu za zamani. Katika simu yangu nilikuwa na bashrafu, ule muziki wa taarabu unaopigwa ala tupu kabla waimbaji hawajaanza, udi na kanuni na fidla zikifuatana taratibu. Huo nilikuwa na hakika nao. Mwanamke wa pwani wa umri wake hawezi kuusikia huo akabaki gogo. Nilifukiza udi mzuri zaidi siku hiyo, nikauweka, nikakaa.

Mamangu alishika ukingo wa mkeka kwa mikono miwili. Midomo aliibana hata ikapotea. Chozi lilitoka katika lile jicho lenye ukungu likaenda sikioni, naye hakulifuta. Nilipompima, presha ilikuwa juu kuliko siku zote, na mpangaji akafumba mdomo kwa kiganja.

Basi mimi na tabia yangu nikaanza kufikiri mengine. Nikashuku kulikuwa na mpiga udi mahali fulani katika ujana wake. Nilikaa na fikira hiyo siku nzima nikishona, na nilipompelekea chakula nikamzungukia kwa mbali.

"Mama, baba alikuwa akipiga ala yoyote?"

"Babako alipiga pasi," akasema. Kweli, babangu alikuwa dobi.

"Na kabla ya baba, hapakuwa na..."

"Nipa maji ninawe."

Jioni ile mpangaji alinijia jikoni. Alikuwa na lake la kusema na lilimwia vigumu. Akasema yeye amekaa na watu wengi waliolala, anajua mwili unaokataa, na mwili wa mamangu unakataa. "Mimi naona kuna kitu ndani yake kinamkataza," akasema. "Kule kwetu tungeita mchungaji aombe." Nilimwambia apunguze sauti. Sikumwambia kwamba hata mimi nilikuwa nimeanza kulifikiria hilo, kwa mtindo wa kwetu. Nilitazama mlango wa chumba cha mamangu. Pazia lilikuwa limetulia, nikajidanganya kwamba mwenyewe amelala.

Kesho yake nilipotandika mkeka mamangu hakuja. Alitoka chumbani amevaa buibui na viatu, kama mwenye safari, akakaa kwenye kiti cha mbao karibu na mlango wa mbele na mkoba mapajani.

"Leo hamnipungi," akasema.

Sikumwelewa. Nikamwuliza nani anampunga.

"Mwanifanya mjinga. Macho yamekufa, pua haikufa, na masikio hayakufa. Mwanilaza mkekani. Mwanifunika shuka jeupe. Mwafukiza ubani. Kisha mwanipigia mmoja, haunishiki, mwanipigia mwingine, huku mmekaa mwanichungulia uso. Na jana nimewasikia huko jikoni. Nani kawaambia nina pepo?"

Nilibaki nimeinama na ncha ya mkeka mkononi. Mimi sikupata kuhudhuria ngoma ya kupunga pepo hata mara moja, kwa sababu mamangu alinikataza toka udogo. Ikilia mtaa wa pili alifunga madirisha. Lakini habari zake nilizijua, kama kila mtu wa huku anavyozijua. Mgonjwa hukalishwa mkekani, hufunikwa, hufukizwa, na fundi wa ngoma humjaribia nyimbo, kwa kuwa inasemwa kila pepo ana wimbo wake. Watu humkodolea macho. Wimbo utakaomtikisa ndio huo, na kuanzia hapo pepo mwenye wimbo huo ndiye mwenye mtu. Hakuna tulichokisaza. Tulikuwa tumeifanya kazi ya fundi hatua kwa hatua, mimi na mwanamke wa kanisani kutoka bara, kwa muziki wa hotelini.

Nilitaka kucheka, na uso wa mamangu ukanizuia.

"Nilikuwa na dada," akasema.

Hilo nilijua. Niliambiwa utotoni kwamba alikuwa mgonjwa, akafa, na hakuna aliyeniambia alikuwa mgonjwa wa nini.

"Hakuwa mgonjwa. Aliolewa, akakaa, hakushika mimba. Wakasema apungwe. Wakampigia huu, wakampigia huu, yeye kimya. Halafu fundi akaanza mmoja mtamu. Mie nilikuwa nimekaa nyuma yake, nikaona bega lake lacheza. Hivi tu, kidogo. Mtoto wa kike, wimbo mtamu, bega lacheza. Fundi akasema, huyu hapa. Na mwenyewe akanigeukia, acheka, alidhani ni mzaha."

Akauweka mkoba sawa.

"Toka siku hiyo hakuwa mtu tena. Akisema, wasema pepo asema. Akilia, pepo. Akitaka leso mpya, pepo ataka leso. Mumewe akachoka, akamrudisha. Mpaka anakufa akifungua mdomo kusema lake, aambiwa nyamaza, hatusemi nawe, twasema na aliye juu yako. Na hapakuwa na mtu juu yake. Aliupenda ule wimbo, basi."

Nilikumbuka harusi zote nilizokwenda naye. Wanawake wakipiga makofi na kuyumba, yeye hukaa mikono chini ya leso, uso umekauka, na mimi nikiwaambia watu mamangu ni mtu wa dini, hapendi mambo hayo. Niliona uchungu. Na hasira pia, nisiseme uongo, hasira ya kwamba aliweza kunidhania vile.

"Mama," nikamwambia, "ulidhani mimi, mwanao, ningekufanyia hivyo?"

"Dadangu alifanyiwa na mamake," akasema.

Nilimvua viatu, nikamvua buibui, nikazima makaa na kukitoa chetezo nje. Mpangaji alipokuja wakati wake wa kawaida nilimsimulia uani yote, na nilitarajia atakasirika au ataanza kuomba. Alikaa kwenye kizingiti akajishika kichwa. Kisha akasema, "Lakini kule kazini mgeni halazwi uso juu. Analala kifudifudi, na kitanda kina tundu, uso unaingia ndani ya tundu. Hakuna mtu anamwona uso." Akafikiri tena. "Mimi sikuwahi hata kujiuliza ni kwa nini."

Nikamwuliza lile lililokuwa rohoni tangu mwanzo: alikuwa akitaka nini kwetu. Alijibu bila kunitazama kwamba siku nzima anashika watu na haruhusiwi kuzungumza nao. Kwamba mamangu alimjibu vibaya kila siku, na alipenda kujibiwa. Nililigeuza jibu hilo huku na huku kutafuta mshono uliopinda. Sikuuona, nikamwachia.

Yeye ndiye aliyeleta visikizio vya kutia masikioni, vile vyenye uzi, na kwenye uzi kidude kidogo cha kubonyeza. Ukibonyeza, wimbo unaruka unakuja mwingine. Alitia nyimbo zote katika simu kuukuu, za wazungu na bashrafu yangu na hata ule wa kinanda cha kanisani, aliouchukua upya hotelini, kwa sababu, alisema, kuchagua ni pamoja na kuwa na cha kukataa. Nilimwekea mamangu kidude mkononi nikamweleza kwamba ataingia chumbani mwake, afunge mlango, asikilize apendavyo au asisikilize kabisa. Hapana ubani, hapana mkeka, hapana mtu.

Alikipapasa kidude. "Na wewe utakuwa wapi?"

"Sebuleni, nashona."

"Nitajuaje hukuja kusimama mlangoni?"

Hapo niliona shaka zangu nilizirithi wapi. Tulikubaliana hivi: cherehani isinyamaze. Maadamu anasikia cherehani inakwenda, anajua miguu yangu iko kwenye kanyagio na mimi sipo mlangoni. Akafunga mlango, akageuza na ufunguo.

Nilishona. Dera la watu likaisha na sikuthubutu kusimama kutafuta lingine, nikachukua vipande vya kitambaa nikavishona kimoja kwa kimoja, bila maana yoyote, mstari juu ya mstari. Uzi ukikatika niliupitisha tundu la sindano haraka haraka. Hata hivyo haikusaidia.

"Wewe!"

"Abee, mama."

"Mbona kimya?"

"Uzi umekatika."

"Haya, shona."

Kwa mtu wa tabia yangu hiyo ilikuwa adhabu. Nyuma ya mlango mamangu alikuwa akichagua, na mimi sikujua anachagua nini. Ni bashrafu? Ni ile fidla yenye kulia? Alikuwa akisikiliza kweli, au amekaa kitandani na visikizio mkononi akinisikiliza mimi? Wakati mwingine nilidhani nasikia kitanda kikilia taratibu, kwa kipimo, nikapunguza mguu nipate kusikia vizuri, na papo hapo sauti ikatoka ndani ikiniuliza niko wapi. Nilikanyaga kwa nguvu. Alipotoka alidai chai. Nilimpima akiwa anakunywa, na mkanda ulipoishiwa upepo nilirudia kutazama kioo kwa kuwa sikukiamini. Ilikuwa imeshuka. Haikuwa imeshuka sana, lakini kwa mara ya kwanza ilikuwa imekwenda upande wa chini. Kesho yake ikashuka tena, na mimi nikawa na mfuko mzima wa viraka visivyo na kazi.

Siku ya hospitali ilipofika mpangaji alituaga mlangoni, akataka kumwombea mamangu, mamangu akamwambia aombe akiwa chumbani kwake. Akaenda akaomba chumbani kwake, tukamsikia kupitia ukutani.

Katika benchi la kungojea, mamangu alitia visikizio chini ya mtandio, kidude kikawa ndani ya ngumi. Nilikaa ubavuni mwake na kuutazama ukuta wa mbele, palipobandikwa picha ya jicho lililokatwa katikati. Nilisoma kila neno katika picha ile. Sikumgeukia. Watu waliitwa mmoja mmoja, na mwisho muuguzi akaja kwetu na mkanda wake, mwanamke wa pwani mwenye uso mkunjufu. Alipokuwa akimfunga mkono macho yake yalishuka chini, akatabasamu. Nikafuata macho yake. Mguu wa mamangu ulikuwa ukipiga sakafu taratibu, kisigino kimetulia, vidole vikipanda na kushuka ndani ya kiatu.

"Mama," muuguzi akasema, akimgusa goti, "wasikiliza nini kitamu hivyo?"

Mguu ukasimama. Mamangu alikakamaa mwili mzima, ile shingo, yale meno, na nikajua kwamba mkanda ukijazwa upepo sasa hivi tutarudi nyumbani, na hakutakuwa na safari nyingine ya kutegemea. Alinigeuzia uso. Hakuniona, lakini alinigeuzia.

"Mawaidha," nikasema. "Asikiliza mawaidha."

"Mashallah," muuguzi akasema.

"Mwache amalize kidogo, ndipo umpime. Hapendi kukatizwa."

Muuguzi alisema hana haraka, akaenda kwa mzee wa benchi la nyuma. Mimi nikarudi kwenye picha ya jicho. Nilikaa nikihofu, na sikumbuki kama niliwahi kuhofu namna ile. Ilipita muda ndipo nikahisi, kupitia ubao wa benchi, mguu ukianza tena.

Presha ilikuwa juu kidogo kuliko wanavyopenda. Muuguzi alikwenda kumwuliza daktari, akarudi, akasema anaingia. Mamangu alivua visikizio mwenyewe, akanikabidhi pamoja na simu, akaongozwa mlangoni akishikwa kiwiko. Alikuwa amesahau kuuzima muziki. Kitu kilikuwa kikilia katika kiganja changu kwa sauti nyembamba, na kioo cha simu kilikuwa kinawaka na jina juu yake. Ningeinua mkono tu, ningejua. Nilikigeuza kioo kikatazama chini, nikapapasa kidude cha kwenye uzi nikakibonyeza na kukishikilia mpaka sauti ikakatika, nikakaa na simu ile mapajani muda wote ambao jicho la mamangu lilikuwa mikononi mwa watu.

Walimtoa akiwa kwenye kiti cha magurudumu, jicho limefunikwa pamba na plasta. Daktari alipita akasema kazi imekwenda vizuri, kesho wataifungua. Machozi yalinitoka nikayaacha, maana hapakuwa na wa kuyaona. Nilipoushika mkono wake hakuuliza habari za jicho.

"Ulisikiliza?" akaniuliza.

"La."

Uso wangu hakuweza kuuona hata kivuli chake, kwa hivyo alikuwa akiipima sauti.

"Wallahi?"

"Wallahi, mama."

Akakunjua kiganja. "Haya, nipa," akasema. "Ulikuwa haujaisha."